Nilimwambia Mke Wangu Ameshakula

Mimi ndiye niliyemnyima mke wangu chakula. Nalisema hili mwanzoni kabisa, usije ukasoma mbele ukidhani kuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Hakuna. Si mchawi, si daktari, si umaskini. Chakula kilikuwepo. Stoo ilikuwa na mahindi, shambani kulikuwa na mbaazi na kunde, kuku walikuwa wanataga. Na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu.

Mimi ni mzee wa Misima, Handeni. Jina langu liacheni. Wa kwetu watanitambua, na wakinitambua sitakana. Nilisoma mpaka kidato cha nne, zamani zile ambapo aliyefika huko alihesabika kijijini. Nikafanya ukarani kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe, kisha nikarudi nyumbani kulima. Sitaji shule kwa kujisifu. Shule ni sehemu ya kosa langu, mtaona.

Mke wangu nitamwita Mama Zaina, na jina hilo la binti yetu nalo nimelibadilisha.

Mama Zaina alikuwa mpishi. Simaanishi kupika nyumbani tu. Kuanzia Misima mpaka Kang'ata, ikiwepo shughuli, iwe ndoa au arobaini, yeye ndiye aliyeitwa kusimamia masufuria makubwa. Alikuwa mnene, mwenye kicheko ambacho ukikisikia unajua amefika. Kuonja kwake kulikuwa hivi: anadondosha mchuzi kiganjani, analamba, anafumba jicho moja. "Bado," anasema. Au, "Haya, teremsheni." Na wanawake wote wanateremsha.

Halafu akaugua sukari.

Hospitali walimpima, wakampa vidonge, na nesi wa kliniki akakaa na sisi akatueleza taratibu. Apunguze vitu vitamu na ugali mwingi, lakini asiache kula. Ale kidogo kidogo, kwa wakati. Ale maharage, mayai, dagaa, mboga, matunda kwa kiasi. Na vidonge visiingie tumbo likiwa tupu.

Mama Zaina akanigeukia pale pale. "Sikiliza wewe, Baba Zaina, wewe ndiye msomi. Mimi nitasahau."

Alikuwa anatania. Tulicheka sote, na yule nesi akacheka.

Nikasikiliza. Kwa kweli nilisikia neno moja tu: apunguze.

Lazima niwaambie kuhusu kaka yangu, si kwa kujitetea, ila mjue nilianzia wapi. Kaka yangu alikufa kwa sukari hiyo hiyo. Alikuwa hakanyiki. Akienda kwa watu anakunywa chai ya sukari mpaka kijiko kinasimama. Wakamkata vidole, wakamkata mguu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha siku ya maziko. Nilishika mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa. Nikaapa moyoni kwamba mke wangu hataoshwa hivyo.

Kwa hiyo sikuanza kwa ubaya. Nilianza kwa woga. Lakini jamani, woga wa mtu anayejiona anajua ni hatari kubwa!

Nilianza kwa kuondoa sukari ndani ya nyumba. Hapo sikukosea. Nikaondoa wali. Nikaondoa machungwa, nikaondoa viazi vitamu. Ugali nikaupunguza mpaka ukawa tonge la kumezea vidonge. Maharage nikasema yana wanga. Mayai nilisikia yanaleta presha, nikayaondoa. Nazi na karanga ni mafuta, tukaacha. Kuna mama wa Kimaasai, tulizoea kumwita yeyo kama wote wanavyowaita akina mama wao, alikuwa anatuletea maziwa asubuhi. Nikamwambia asisimame tena mlangoni kwetu. Kila chakula nilikitafutia kosa, na kila kosa nililipata.

Kikabaki kitu kimoja nilichokiamini: mchunga.

Mnaujua mchunga. Mboga chungu ile inayojiotea shambani. Nikajipigia hesabu zangu: sukari ni utamu, basi kinachoupiga utamu ni uchungu. Nikawa nauchuma mwenyewe, nauchemsha bila nazi, bila mafuta, na maji yake machungu simwagi, anayanywa. Mchana mchunga, jioni mchunga.

"Baba Zaina," aliniambia siku moja, sahani iko mbele yake, "mbuzi wa jirani naye anakula mchunga. Lakini yule anapewa na pumba."

Nikacheka. Sikumwongeza hata tonge.

Kwetu mwanamume mzima hashiki upawa mkewe akiwa mzima. Mimi niliushika. Nilimtoa mke wangu jikoni kwake, yeye aliyewalisha watu wa kata nzima, nikawa napika mimi na kupakua mimi. Wenzangu walinitania barazani. "Mzee siku hizi mama wa nyumbani! Shughuli ijayo tutakuita wewe!" Sikuona haya. Nilijiona mume ambaye wao hawakuweza kuwa.

Shida ikabaki moja: majirani. Kijijini mtu hapiti mlangoni kwa watu wanakula asikaribishwe. Mama Zaina akienda kisimani anarudi ameshapewa kipande cha muhogo. Akienda kumjulia hali mgonjwa, anakaribishwa uji. Nikaona kazi yangu inaharibiwa.

Ijumaa moja, baada ya swala, nikasimama.

"Ndugu zangu, nina ombi. Mke wangu anaumwa sukari, mnajua. Mnaompa chakula, mnampa kwa mapenzi, lakini mnamuua. Nawaomba, waambieni na wake zenu, asipewe kitu mlangoni kwa mtu yeyote. Hata akiomba. Akiomba ndiyo msimpe kabisa."

Watu wakaitikia. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu anampenda mkewe." Nilitoka pale nimejaa.

Na watu wa kwetu ni waungwana. Ukiwaomba kwa heshima, wanashika. Walishika!

Miezi ikaenda. Kliniki namba zake za sukari zikashuka, nikapewa hongera. Kama ningeulizwa anakula nini ningejibu, lakini siku hiyo palikuwa na watu wengi na mimi sikuwa na haraka ya kueleza. Nilitaka ile hongera tu. Mama Zaina akapungua. Kanga iliyokuwa inamzunguka mara moja ikawa inamzunguka na kubaki. Mashavu yakaingia ndani. Watu wakaanza kuniuliza, "Mama ni mzima kweli?" Nikawajibu, "Huo ndio uzima wenyewe. Mafuta yanatoka."

Kile kicheko sikukisikia tena. Nilikiona tu kinakuja usoni, hakitoki.

Kisha ikaja ndoa moja Kang'ata, ambayo nilimruhusu kwenda kwa kuwa bwana harusi ni wa ukoo wao. Mke wangu akatia chumvi kwenye pilau, akageuka, akatia tena. Pilau ikaharibika. Wanawake wakamtania, "Mama Zaina, leo umetuletea bahari!" Wakacheka, yeye pia akajitahidi kucheka.

Njiani tukirudi akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Zaina, nilisimama mbele ya sufuria nikawa sijui kinachofuata. Kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu."

"Uzee huo," nikamjibu.

Huo ndio msaada niliompa mwenzangu siku aliponifungulia moyo. Maneno mawili! Na kwa siri nilifurahi, maana sasa nilikuwa na sababu ya kumzuia asiende tena kwenye shughuli, huko anakoonjaonja.

Baada ya hapo akaanza kupotea kidogo kidogo. Anaacha ndoo kisimani. Anaita kuku jina la mjukuu. Anaanza habari kwa Kiswahili, anaimalizia kwa Kizigua cha utotoni mwake, na katikati anasahau ilikuwa habari gani. Mchana mwingine anatoka jasho amekaa kivulini, mikono inatetemeka, anakuwa mkali kwa jambo dogo. Nikimpa tonge lake anatulia. Hapo palikuwa na somo limeandikwa waziwazi, na mimi msomi sikulisoma.

Akaanza kuniuliza, "Baba Zaina, tumeshakula?"

Mwanzoni alikuwa anauliza wakati tumetoka kula sasa hivi. Nikamjibu ukweli: tumeshakula. Nilidhani ananijaribu, anatafuta sahani ya pili kwa ujanja. Nikawa hata namkaripia.

Lakini niliona jambo. Nikisema tumeshakula, anakubali.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Haya ninayoyaandika sasa binti yangu hayajui. Majirani hawayajui. Daktari hayajui.

Siku moja nilirudi shambani nimechoka. Jana yake kliniki namba ilikuwa imepanda kidogo, nikaudhika, nikashuku kuna mtu amempa kitu. Sikuwa nimepika. Akatoka ndani, akaniuliza, "Baba Zaina, tumeshakula?"

Nikasema, "Tumeshakula."

Hakuwa amekula tangu uji wa asubuhi. Nilijua!

Akasema, "Alhamdulillahi." Akaenda kwenye kata ya maji, akasukutua mdomo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Mdomo ambao haukuwa umetia kitu.

Nilimtazama akisukutua, na sikumwita arudi. Niliona imekuwa rahisi. Hakuna ugomvi, hakuna kubembeleza. Nikarudia siku nyingine, na nyingine tena. Nikajiambia ni dawa. Astaghfirullah! Nilichukua ugonjwa wa mke wangu nikaufanya kufuli la pili, juu ya lile la stoo.

Ikaja siku ya arobaini ya mtu wa Kang'ata. Nilitakiwa kuwahi, mimi ni mmoja wa wazee wa kukaa mbele. Asubuhi nikampa vidonge vyake, akameza. Uji sikuwa nimekoroga. Nikasema nitarudi kabla ya adhuhuri, atakula nikija. Nikafunga stoo, nikafunga jiko. Nimeshavaa kanzu, ananiuliza mlangoni:

"Nimekula mimi?"

"Umekula," nikasema. Nikapanda bodaboda nikaenda.

Kule dua ilichelewa. Halafu chakula. Nilikula pilau, wasomaji. Nilikula nikashiba, nikaongezewa nyama na kijana anayeniheshimu, nikakaa na wazee tukazungumza habari za mvua. Simu ilipoita mkono wangu ulikuwa bado na mafuta.

Alikuwa jirani yetu, nitamwita Mama Rajabu. "Mzee, njoo! Mama Zaina haamki!"

Yaliyotokea niliyapata baadaye, kipande kwa huyu, kipande kwa yule. Jua lilipopanda, mke wangu akaanza kutetemeka. Njaa ikamshika. Akatoka akaenda mlango wa kwanza, kwa Mama Rajabu mwenyewe. Akasema, "Mwenzangu, nipe chochote nitie mdomoni."

Mama Rajabu akamwambia, "Dada yangu, mzee wako alikataza. Umekula lakini?"

"Nimekula," akasema mke wangu. "Baba Zaina kasema nimekula. Ila nasikia njaa sana."

"Basi kama umekula vumilia. Atakuja sasa hivi."

Mnaona? Nilimfungia chakula, nikamfungia milango ya watu, kisha nikamfungia hata kinywa chake cha kusema ana njaa!

Akaenda mlango wa pili, hivyo hivyo. Akafika dukani. Akamwambia muuza duka, "Mangi, nipe sukari nilambe. Kidogo tu." Vijana waliokuwa wamekaa pale wakaangua kicheko. "Bibi, sukari si ndiyo ugonjwa wako! Unataka ugonjwa wa kupima kilo?" Yule muuza duka aliniambia mwenyewe kwamba alishatoa soda kwenye friji, akaishika, akanikumbuka mimi, akairudisha.

Mwili wake ulijua unachotaka. Mwili ulikuwa na akili kuliko mimi, ukamtembeza mlango kwa mlango kuomba dawa yake, na kila mlango nilikuwa nimetangulia kufika.

Aliyemkuta ni yule yeyo wa maziwa, alipokuwa anarudi na kibuyu chake. Mke wangu alikuwa amekaa njiani, karibu na lambo la ng'ombe, kanga imemwanguka, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji, anaongea Kizigua na mama yake aliyekufa zamani. Yeyo hakuwepo msikitini Ijumaa ile. Alimpa maziwa. Akanywa kidogo, mengine yakamwagika, kisha akalala. Yeyo akapiga kelele mpaka watu wakaja.

Nilifika hospitali nikiwa na kanzu yangu ya shughuli. Nikakuta daktari, binti mdogo tu, anatundika dripu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnamwekea nini?"

"Maji ya sukari, babu."

Nikamshika mkono. "Sukari? Binti yangu, huyu mama ana ugonjwa wa sukari! Mnataka kumuua?"

"Babu, niache mkono. Sukari imemwishia mwilini. Ikiendelea hivi dakika hizi tutampoteza."

Manesi wawili wakanitoa pembeni. Hata pale, jamani, mke wangu yuko ukingoni mwa kaburi, bado nilikuwa nataka kumzuilia!

Dripu ikaingia. Akafumbua macho. Nikasogea, nikashika mkono wake, nikalia. Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mzee wa kijiji kingine, akasema:

"Shikamoo."

Nikajibu, "Marahaba." Sijui kwa nini niliitikia. Tumeishi pamoja tangu ujana, na hilo ndilo neno nililompa.

Baadaye daktari akaniita. Akauliza jana alikula nini.

"Mchunga."

"Na nini?"

"Na ugali. Kiasi." Nikaonyesha kwa vidole.

"Maharage? Samaki? Maziwa?"

"Nilimkataza."

"Na leo asubuhi, kabla ya vidonge?"

"Uji," nikasema.

Nilidanganya. Mbele ya daktari, mke wangu yuko upande wa pili wa pazia, nilidanganya.

Alichukua utepe, akazungusha kwenye mkono wa mke wangu, juu ya kiwiko, akanionyesha. "Babu, huu ni mkono wa mtu mwenye njaa ya muda mrefu. Ana utapiamlo. Na damu yake ni kidogo."

"Utapiamlo ni wa watoto," nikasema.

"Hata wazee wanaupata. Na wenye kisukari wanaupata sana wakiogopeshwa chakula. Vidonge hivi vinashusha sukari. Kama hajala, vinaendelea kuishusha hiyo hiyo kidogo iliyopo. Na ubongo nao unakula, babu. Tena wenyewe hauna ghala. Ukikosa leo, unaumia leo."

Nikamuuliza kama akili yake itarudi. Akasema hawezi kuniahidi. Akasema kusahau kwa mzee mwenye kisukari kunaweza kuletwa na mengi, umri, sukari kupanda miaka mingi, sukari kushuka mara kwa mara, kukosa chakula chenye kujenga mwili, na hawezi kupima kila kimoja kilichukua kiasi gani. Nadhani alitaka kunipunguzia. Hakujua kwamba ananiachia swali la kufa nalo: je, kama ningempa yai lake, na maharage yake, na maziwa ya yeyo, leo angekuwa ananiita kwa jina?

Binti yetu Zaina alikuja kutoka Korogwe siku ile ile. Alipomfunua mama yake shuka na kuona mbavu, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Baba, si ulisema kwenye simu anaendelea vizuri?" Akamchukua mama yake nyumbani kwake, Masuguru, huko huko Korogwe. Hakunikaribisha. Nilijikaribisha mwenyewe baada ya muda, nikamwachia shamba mdogo wangu.

Kabla sijaondoka Misima, Mama Rajabu alikuja kwangu. Alipiga magoti uani. Alikuwa analia. "Mzee, nisamehe. Nilimrudisha mlangoni. Nilikuwa na wali jikoni, mzee, uko motoni, nikamrudisha."

Alikuwa analia kwa kosa langu. Na mimi, mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Nimekusamehe."

Nilimpa msamaha ambao mimi ndiye niliyepaswa kuuomba. Nikamwacha aondoke nao. Nasikia mpaka leo hapiki wali bila kulitaja jina la mke wangu. Nimeandika haya yote kwa ajili yake kwanza. Mama Rajabu, simama. Mke wangu hakuwa amekula. Mimi ndiye niliyemdanganya, na maneno aliyokuambia yalikuwa yangu. Nawe Mangi, hali kadhalika. Nanyi vijana mliocheka.

Na Zaina, mwanangu, utasomewa au utasoma. Siku ile hakukuwa na uji.

Sasa hivi Mama Zaina ananenepa kidogo. Zaina alirudi kliniki na mama yake, wakampunguzia vidonge na kumpangia chakula: ugali kiasi, maharage au dagaa, mboga, yai, kipande cha chungwa, kwa saa zake. Kazi ya kumlisha mchana ni yangu, Zaina akiwa kazini. Kuna siku anakuwa na mwanga, anauliza kama mbaazi zimekomaa. Siku nyingi hanijui. Anadhani mimi ni mzee wa jirani mwenye huruma.

Juzi nilimpelekea maharage ya nazi. Nilijifunza kuyapika kwa kukumbuka alivyokuwa anafanya yeye. Nikamlisha. Akatia kidogo kiganjani, akalamba, akafumba jicho moja. Nikadhani amerudi! Nikasubiri aseme bado, au aseme teremsha.

Akatazama mlangoni, akanisogelea, akaninong'oneza.

"Mzee, Mungu akulipe. Lakini tafadhali, usimwambie mume wangu kwamba nimekula."

Nikamsogezea sahani.

"Ni mtu mzuri," akaendelea, kwa haraka, kama anayenitetea. "Ila akijua atakasirika."

"Simwambii," nikasema. "Kula, mama. Kula taratibu."

Akala mpaka akamaliza.

Basi wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye sukari, usiwe na akili yangu. Rudi kliniki na swali lako, usijipe jibu mwenyewe. Usiifurahie namba ikishuka kabla hujamtazama mwenye mwili. Akipungua, akisahausahau, akitoka jasho na kutetemeka, usiseme ni uzee. Mpe kitu cha haraka chenye sukari kama bado anaweza kumeza, na ukimbie hospitali. Usimpe vidonge ukamwacha na njaa. Usiwatume majirani wamfungie milango.

Na akikuuliza kama ameshakula, mpakulie kwanza. Jibu atalipata akiwa anatafuna.